Injini inayolia alfajiri msiipeleke gereji saa sita mchana

Mhariri, salamu toka huku Nkuhungu, Dodoma, upepo umeshaanza na vumbi lake kama kawaida. Naandika sababu kuna msomaji mwenzangu kwenye ukurasa wenu wa barua alisema pikapu za siku hizi ni kompyuta inayotembea, ukisikia mlio usiouelewa we peleka wapige mashine, ile inayosoma kompyuta ya gari, mashine ndo itasema, na kwamba fundi wa kutega sikio zama zake zimeisha. Nilisoma nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza mama vipi kuna nini humo. Mi mashine nimepigiwa mara tatu na mara zote tatu ikasema gari haina tatizo, na gari inalia nyie, inalia mpaka jirani anasikia.

Niseme mapema mi sio fundi. Nauza chakula cha kuku, na msimu wa zabibu ukifika nabeba matenga toka Hombolo kuleta mjini, kwa hiyo pikapu kwangu sio ya kutembelea, ikilala siku mbili nyumbani ujue na mimi nimelala. Ni dabo kebini ya dizeli ya mwaka 2018, nimeinunua mkononi, kampuni iliyoitengeneza siitaji maana haina kosa kwenye haya nnayosimulia. Anayeendesha ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana mzuri tu ila akiwasha gari anawasha na redio hapohapo, na dirisha la chumba changu linaangalia palepale gari inapolala. Ndo maana mlio nilianza kuusikia mimi niliye kitandani na sio yeye aliyeshika usukani.

Ilikuwa Juni, ile baridi yetu imeshaanza kuuma masikio. Saa kumi na mbili kasoro anazungusha ufunguo, injini inashika, halafu krrra-kra-kra-kra, kama mtu kamwaga misumari kwenye sufuria akaitikisa. Moja, mbili, tatu, kimya. Baada ya hapo inaunguruma vizuri siku nzima, haitoi moshi, haikosi nguvu, taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Kesho yake alfajiri tena.

Nikamwambia shemeji, akasema shem hiyo ni dizeli, dizeli ndo zinavyoongea asubuhi. Kuna ukweli hapo, sitambishia, dizeli ya baridi inagonga kuliko iliyopata moto, na hizi mpya zinapuliza tone dogo la mafuta kwanza kabla ya yale yenyewe ili mwako usishtuke, ndo sababu zimekuwa pole pole kuliko zile Land Rover za zamani za mashamba ulizokuwa unazisikia toka kijiji cha pili. Ila gari hii nilikuwa nayo Juni iliyopita na Julai yake, baridi ileile, dirisha lilelile, na hakukuwa na misumari.

Basi tukapeleka gereji. Tumeenda saa sita mchana maana asubuhi kulikuwa na mzigo, kwa hiyo injini imeshazunguka mjini masaa manne iko ya moto kabisa. Kijana akachomeka kidude chake chini ya usukani, akasoma kwenye simu, hamna kodi hata moja, yani zile namba za kosa. Akafungua boneti, akamwambia shemeji akanyage mafuta, vuu, vuu, akatikisa kichwa. Akasema hizi injini tunazijua, hapo beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, zimeliwa, tushushe injini tufanye ovahoo, milioni tatu na laki nane na spea juu yenu. Mi nikamuuliza, baba, huo mlio we mwenyewe umeusikia? Akamjibu shemeji, sio mimi, akasema bro madam anatakiwa aelewe kwamba hizi vitu zikianza haziponi.

Hapo ndo aliponisaidia bila kujua. Haziponi! Sasa kama haziponi mbona yangu inapona kila siku baada ya sekunde tatu? Nimekuja kuelezwa baadae na mtu anayejua, kwamba beringi ya konrodi ikishalika inagonga kwa chini, zito, gu-gu-gu, na jinsi injini inavyopata moto ndo inazidi, sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi na ile nafasi iliyoliwa inabaki wazi, halafu ukiibebesha mzigo kwenye kilima ndo unasikia vizuri. Yani tabia yake ni kinyume kabisa na ya gari yangu. Mtu hakuhitaji mashine kujua hilo, alihitaji kuuliza swali moja tu, inalia saa ngapi.

Sikuwa na hiyo milioni tatu, nashukuru Mungu kwa umaskini wangu. Tukaenda gereji ya pili. Nao mashine, nao hamna kitu. Huyu alikuwa mpole zaidi, akasema mama tusikuingize gharama, tumwage hii oili nyepesi tuweke nzito, ile 20W-50, sauti itapotea. Filta ya oili akasema iacheni, bado mpya, imewekwa sevisi iliyopita. Tukaweka. Kesho yake alfajiri nimekaa kitandani nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Misumari imeongezeka sekunde tatu! Nikatoka na khanga mpaka nje nikamwambia shemeji zima hiyo redio, sikiliza. Kwa mara ya kwanza akasikia, akanyamaza kimya, usoni unamwona kabisa kaogopa.

Mzee aliyetutoa hapo ana gereji ya mabati tu njiani kuelekea Singida, jina silitoi maana hakuniruhusu na wala hapendi foleni. Alianza zamani na Bedford na Land Rover 109. Nilimrushia mlio kwa WhatsApp, nimeurekodi na simu nimeiweka juu ya tairi la mbele, akasikiliza akajibu neno moja, leteni jioni. Nikasema jioni tena jamani, watu wanapeleka gari asubuhi. Akasema mama, mgonjwa anayekohoa usiku ukimpeleka hospitali mchana daktari atasikia nini? Gari ilale hapa, asiiwashe mtu yeyote, hata mlinzi, kesho uje tuiwashe wote.

Nikaenda. Saa kumi na mbili kasoro nipo pale nimejifunga mtandio kichwani, boneti iko wazi, injini ya baridi kama jiwe. Mzee ana bisibisi ndefu, kashikilia ncha kwenye kile kifuniko cha mbele cha injini, mpini kauegemeza kwenye mfupa karibu na sikio. Akamwambia shemeji washa. Kra-kra-kra. Akaonyesha kwa kidole, hapa. Akazima, akasubiri, akasema huko ndani kuna cheni, sio mkanda, hizi nyingi za kisasa taimingi yake, yani kupanga vavu zifunguke lini, ni ya cheni, na kuna kitu kinaikaza hiyo cheni, na kinachokisukuma ni oili yenyewe. Injini ikizimwa usiku oili inashuka chini. Asubuhi ukiwasha, mpaka oili ipande tena, cheni imelegea inapigapiga kifuniko. Ikifika, inakazwa, kimya. Hizo ndo sekunde zako tatu. Na ukiweka oili nzito kwenye baridi inapanda kwa kujikokota, ndo sita.

Akauliza mlio ulianza lini. Nikasema mwanzoni mwa Juni. Sevisi ya mwisho? Mwishoni mwa Mei. Filta mmenunua wapi? Shemeji akaangalia chini. Kumbe siku ile nilimpa hela ya filta ogino akakuta ya bei nusu, boksi lilelile, rangi ileile, akasema hela iliyobaki ataweka vocha. Sikumgombeza mbele ya watu, nilimgombeza njiani.

Mzee akaifungua ile filta, akachukua na ogino toka kwenye kabati lake akaziweka sambamba juu ya gunia. Ukiangalia mdomo wa filta ya kopo kuna vitobo vimezunguka, na nyuma ya vile vitobo kuna mpira kama sahani, kazi yake ni kuziba oili isirudi chini injini ikizimwa. Kwenye ogino mpira ule ulikuwa laini, ukiubonyeza na kijiti unarudi. Kwenye ile yetu ulikuwa mgumu, umejikunja pembeni kama ganda la chungwa lililokaa juani siku tatu, hauzibi kitu. Usiku kucha filta inamwaga oili yote chini, asubuhi cheni inaamka na njaa. Kitu cha elfu chache, Mhariri, na mimi nilikuwa naambiwa nishushe injini.

Akaweka filta, akaweka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ile 5W-30, na sio anayoipenda fundi. Kabla hajatuachia akaazima mashine kwa kijana wa jirani yake, akachomeka, hiyo ndo mara ya tatu, na hapa naomba huyo msomaji mwenzangu asome vizuri, mzee haichukii mashine. Aliitumia kuangalia nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, maana inaonyesha kila nozeli injini inaiongezea au kuipunguzia mafuta kiasi gani ili zilingane, na zote nne zilikuwa karibu sawasawa. Akasema sasa na nozeli nimezitoa kwenye kesi. Tofauti ni kwamba yeye alijua anaiuliza nini. Mashine inasoma vipimo vilivyounganishwa na nyaya, na cheni iliyolegea sekunde tatu haina waya. Ikivutika sana mpaka taimingi inapotea ndo taa itawaka, na hapo utakuwa umeshachelewa.

Siku mbili za kwanza bado ilifanya kra moja fupi, siku ya tatu kimya. Aliniambia pia, bila kuficha, kwamba isingenyamaza basi tungebadilisha kile kikazio na pengine cheni yenyewe, na hiyo ni hela ya maana. Kwa hiyo sisemi kila gari inayolia asubuhi ni filta.

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa wa kusikiliza magari ya watu. Jirani yangu ana pikapu mpya kuliko yangu, yeye yake ilianza ka-ka-ka kavu, kwa nguvu, haiachi hata ikipata moto, na asubuhi moshi mweupe unaochoma macho. Kijana wake alikuwa anajaza mafuta ya dumu njiani huko, bei nzuri, hakuna risiti. EWURA, wale wa serikali wanaosimamia mafuta, walianza kuweka vinasaba, yani alama ya siri, kwenye mafuta tangu 2010 kukamata wachakachuaji vituoni, lakini dumu lililokaa chini ya mwembe nani anakuja kulipima? Nozeli moja ilikuwa inavuja, haipulizi ukungu, inadondosha matone. Na hiyo sio ya kusema nitaendesha mpaka mwisho wa mwezi, matone yanachomea juu ya pistoni sehemu moja mpaka inatoboka.

Na hapohapo kwa jirani ndo niliona jambo lililonifanya nichukue kalamu kabisa. Fundi aliyemwita alitaka kufanya ule mtindo wa zamani, injini inaunguruma, analegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndo mbovu. Kwa injini za zamani ilikuwa sawa na mafundi wengi wamefundishwa hivohivo na mabosi zao. Lakini jamani hizi mpya za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, ni kitu kingine. Tairi lako unajaza upepo psi 35. Humo kwenye lile bomba, kwa kipimo hichohicho, injini ikikanyagwa inapita 20,000. Dizeli ikitoka kwenye nati iliyolegea kwa nguvu hiyo haikulowanishi, inatoboa ngozi na kuingia kwenye nyama, unaona tundu dogo kama la sindano unasema si kitu, kumbe ndani mkono unaoza, na watu wameshakatwa vidole na mikono duniani huko kwa hilo. Ikitokea unakimbia hospitali muda huohuo, usisubiri uvimbe. Nilimzuia yule fundi kwa kelele, akaniona nimechanganyikiwa, mwanamke wa pumba za kuku anamfundisha kazi. Na afadhali aone hivo. Kwa gari hizi kazi ya kuzima silinda moja moja inafanywa na hiyohiyo mashine, mkono wako ukiwa mbali.

Milio mingine sio injini kabisa na watu wanakosa usingizi bure. Feni beliti ikila vumbi letu la mashambani inalia kama ndege, mwagia maji kidogo kwenye mkanda, mlio ukikata ghafla kisha ukarudi basi umempata mwizi, mkanda au kikazio chake, ila angalia mikono na khanga visinaswe. Inayokoroma ukiwa umesimama kwenye foleni, ukikanyaga klachi ikanyamaza, angalia beringi za giabox, na ile inayoanza pale unapokanyaga angalia beringi ya klachi yenyewe. Kingine ni ngao ya chini ya injini, kajiwe kamoja kakiingia humo unaweza kuandika wosia. Shemeji naye aliwahi kunipigia simu toka Nyang'oro, tumepeleka mzigo Iringa kupitia Mtera, anasema shem gari inanguruma kama ndege inataka kuruka, nimepaki. Ilikuwa feni ya rejeta, zile za klachi ya mafuta, injini ikipata joto sana na mzigo kwenye mlima inajifunga na kuzunguka kwa nguvu zote, ikipoa inaachia. Ndo kazi yake. Na wale wenye kichujio cha masizi kwenye eksozi, siku moja moja utasikia injini inabadilika sauti, mzunguko wake ukiwa umesimama unapanda kidogo na harufu ya joto inakuja, hapo inachoma masizi yake yenyewe, usiizime katikati kama unaweza.

Ila mluzi wa tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, ukigeuka kuwa king'ora, au ukasikia fyuuu ukikanyaga na nguvu hamna na moshi mweusi, hapo usijipe moyo. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka pamoja na mlio wowote ule, zima palepale, hata kama uko katikati ya pori la Manyoni na giza limeingia. Vuta kwa kamba. Dakika mbili tu za kuendesha bila oili ndo kweli utashusha injini.

Sasa ninachoomba, Mhariri. Mafundi wetu wengi ni wazuri na wanafanya kazi juani bila kinga, sitaki barua hii isomeke kama nawatukana. Ila hii tabia ya kupokea gari ya moto saa sita mchana, kuchomeka kidude, na kutaja milioni, imezidi. Nyie gazeti mna ukurasa wa magari kila wiki, mnatuonyesha gari mpya za mabilioni ambazo huku Nkuhungu hatutaziona. Tupeni nusu ukurasa tu, fundi mmoja mwenye mikono michafu aeleze mlio mmoja kila wiki, inalia ikiwa baridi au moto, imesimama au inatembea, ukikanyaga klachi inabadilika au la, ulianza kabla au baada ya sevisi. Na madereva muwaandikie kwa herufi kubwa wazime redio dakika ya kwanza.

Kuhusu kina mama tunaomiliki magari na kuongeleshwa kupitia shemeji zetu, hiyo nitaandika barua yake siku nyingine maana nikianza sasa hivi hamtakuwa na nafasi ya matangazo.

Yangu bado ina kitu. Toka wiki jana nikipanda tuta la Ihumwa kuna kitu kinagonga mara moja tu, kop, upande wa kushoto mbele, tuta likiisha na chenyewe kimeisha. Shemeji anasema bushi. Jumamosi tunalala tena kwa mzee, na safari hii filta nimenunua mwenyewe.

Mama Pumba,
Nkuhungu, Dodoma